Gambiti ya Evans: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayejua kusogeza kete na kusoma maandishi ya sataranji, ila bado anajiuliza kama ni busara kutoa askari bure kwenye hatua ya nne. Hatua zimeandikwa kwa herufi za kimataifa: K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi. Askari hana herufi. O-O ni kumficha mfalme upande wake mfupi.

Gambiti ya Evans ni nini hasa?

Gambiti ni ufunguzi unaotoa askari kwa makusudi ili kupata faida nyingine. Hii ni tawi la Ufunguzi wa Kiitaliano. Mchezo unaanza 1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bc4 Bc5, halafu Weupe wanacheza 4.b4. Askari wa b anamkabili askofu wa c5 uso kwa uso, na hana mlinzi hata mmoja. Kwa kawaida Weusi wanamla: 4...Bxb4. Weupe wanajibu 5.c3, askofu analazimika kukimbia, kisha inafuata 6.d4. Hapo ndipo mchezo wenyewe unapoanza.

Weupe wanapata nini kwa askari waliyempoteza?

Wanapata muda. Mengine yote yanatokana na huo.

Mtazame askofu wa Weusi. Alikwenda c5, akala b4, na sasa c3 inamfukuza, kwa hiyo anatembea mara ya tatu huku farasi wa g8, malkia na ngome hawajainuka. Weupe nao hawakuipoteza ile c3, kwa sababu ndiyo hatua waliyoihitaji ili askari wao asimame d4. Ukicheza Kiitaliano cha kawaida, 4.c3 Nf6 5.d4 exd4 6.cxd4, Weusi wanakupiga cheki ya Bb4+ na unaanza kuhangaika na e4 yako. Katika Evans unaifikia d4 huku mpinzani akiwa bado anatafuta pa kumweka askofu wake.

Kuna faida nyingine zisizoonekana haraka. Askari wa b akiondoka, mstari wa b unakuwa wazi kwa ngome. Mraba wa b3 unakuwa huru kwa malkia, naye akifika pale anaungana na askofu wa c4 kuishambulia f7, mraba ambao mwanzoni mwa mchezo unalindwa na mfalme peke yake. Halafu kuna a3. Askofu wako akikaa hapo anautazama mshazari wote hadi f8, na kama hakuna kete iliyouziba, mfalme wa Weusi haruhusiwi kujificha upande mfupi, maana sheria haimruhusu kuvuka mraba unaoshambuliwa.

Walimu wa zamani walikuwa wakisema askari mmoja ana thamani ya hatua tatu hivi. Ukihesabu hatua za Weusi baada ya 6.d4 utaona kwamba bei haikuwa mbaya.

Nani aliibuni?

William Davies Evans, nahodha wa meli kutoka Wales, katika miaka ya 1820. Ushindi wake unaojulikana zaidi ni dhidi ya Alexander McDonnell, mmoja wa wachezaji hodari wa London wakati huo. McDonnell hakuisahau: mwaka 1834 alipokutana na Mfaransa Louis de la Bourdonnais katika ule mfululizo mrefu wa michezo 85, gambiti hii ilionekana mara kadhaa. Baadaye aliyeishikilia kwa moyo wote alikuwa Mikhail Chigorin wa Urusi, aliyemchezea Wilhelm Steinitz tena na tena walipogombea ubingwa wa dunia Havana mwaka 1889. Evans mwenyewe alifariki Ostend, Ubelgiji, mwaka 1872.

Inatofautianaje na Gambiti ya Mfalme?

Gambiti ya Mfalme (1.e4 e5 2.f4) inamtoa askari wa f, yaani askari anayemfunika mfalme wako mwenyewe. Ukishambulia, nawe unashambuliwa. Evans inamtoa askari wa pembeni, mbali na mfalme, na hatua chache baadaye mfalme wako yuko g1 nyuma ya askari watatu ambao hawajaguswa. Hata mashambulizi yakififia, ulichopoteza ni askari mmoja tu. Hutajikuta uchi mbele ya malkia wa mpinzani. Kwa sababu hiyo peke yake, kama mtu ananiomba gambiti moja ya kujifunzia, nampa Evans.

Baada ya 5.c3, askofu wa Weusi anakwenda wapi?

Ana nyumba nne za maana, na kila moja inazaa mchezo wa aina yake.

5...Ba5 ndiyo inayochezwa zaidi. Kutoka a5 askofu anaibana c3, na baada ya 6.d4 askari huyo wa c3 anaweza kujikuta amefungwa. 5...Bc5 inaruhusu d4 ije na shambulio jingine juu yake, kwa hiyo Weusi wanapoteza hatua ya ziada, ingawa mara nyingi michezo yote miwili inakutana mahali pamoja: 6.d4 exd4 7.O-O d6 8.cxd4 Bb6. Vitabu vya zamani viliita hapo nafasi ya kawaida. Weupe wana askari wawili bega kwa bega kwenye e4 na d4, Weusi wana askari mmoja zaidi na hawana udhaifu wowote. Ikalie nafasi hiyo, ucheze pande zote mbili. Itakufundisha Evans kuliko orodha ndefu ya hatua za kukariri.

5...Be7 ni ya mtu mtulivu, na nitaieleza chini. 5...Bd6, inayoitwa Ulinzi wa Stone-Ware, inaonekana ya ajabu kwa kuwa askofu anamzuia askari wake mwenyewe wa d, lakini inaishikilia e5 imara. Usiidharau.

Kwa nini Weupe wanacheza 7.O-O badala ya kumla askari wa d4 mara moja?

Chukua 5...Bc5 6.d4 exd4. Mkono unawasha kucheza 7.cxd4, katikati yote iwe yako. Lakini Weusi wanajibu 7...Bb4+, na ile cheki inawarudishia hatua uliyowanyang'anya. Mfalme akishakaa g1, cheki hiyo haipo tena, na askari wa d4 bado unaweza kumla kwa nafasi yako. Kwenye 5...Ba5 hoja ni ileile, kwa kuwa askofu wa a5 anautazama mshazari unaokwenda hadi e1, alipo mfalme wako.

Je, Weusi wakila kila kitu?

Hapo ndipo Evans inapotisha. Baada ya 5...Ba5 6.d4 exd4 7.O-O dxc3 Weusi wameshakula askari watatu. Weupe wanacheza 8.Qb3, f7 inaungua, na Weusi lazima wamtoe malkia mapema.

Mfano ulio bora ni mchezo wa kirafiki wa mwaka 1963 huko New York, Bobby Fischer dhidi ya Reuben Fine. Fine hakuwa mtu wa kuchezewa: mwaka 1938 aligawana nafasi ya kwanza na Paul Keres katika mashindano ya AVRO. Alicheza 8...Qe7, ikafuata 9.Nxc3 Nf6. Hatua hii ya mwisho inaonekana ya kawaida kabisa, farasi anatoka na mfalme anajiandaa kujificha. Fischer akacheza 10.Nd5, malkia akashambuliwa, na baada ya 10...Nxd5 11.exd5 Ne5 12.Nxe5 Qxe5 mstari wa e ukawa wazi mbele ya mfalme ambaye bado yuko e8.

Sasa tazama kazi inavyokwenda polepole. 13.Bb2 inamshambulia malkia na kuikodolea macho g7. 13...Qg5 inailinda g7. 14.h4! inamuuliza malkia: unailinda kwa muda gani? Akila 14...Qxh4, haioni tena g7, ikafuata 15.Bxg7 Rg8 16.Rfe1+ Kd8 17.Qg3! na Fine akasalimu amri. Malkia mweupe amejiweka mdomoni mwa malkia mweusi, lakini 17...Qxg3 inajibiwa na 18.Bf6, chekimeti: e8 inashikwa na ngome, e7 inashikwa na askofu na ngome pia, na miraba mingine imejaa kete za Weusi wenyewe. Hatua 17 tu. Iweke ubaoni usimame kwenye hiyo ya mwisho mpaka uone kwa nini mfalme hana njia.

Ulinzi gani unaowasumbua Weupe zaidi?

Ule wa Emanuel Lasker, aliyekuwa bingwa wa dunia tangu 1894 hadi 1921. Unakwenda hivi: 5...Ba5 6.d4 d6 7.O-O Bb6. Weusi wanamrudisha askofu kwa hiari na kuwaambia Weupe: askari wenu huyo, mchukueni. Ukimchukua, 8.dxe5 dxe5 9.Qxd8+ Nxd8 10.Nxe5 Be6, askari ni sita kwa sita, malkia wametoka ubaoni, na mashambulizi yamekwisha kabla hayajaanza. Kilichobaki ni askari wako wa a na c, kila mmoja peke yake bila jirani wa kumlinda, dhidi ya askari wa Weusi walioshikana vizuri. Ulikuja kushambulia, unajikuta unatetea mwisho wa mchezo usiopendeza.

Ulinzi huu ndio ulioipunguzia Evans umaarufu kwenye mashindano makubwa. Wengi wanaocheza Weupe sasa wanaukwepa kwa 7.Qb3 badala ya 7.O-O. Malkia anaishambulia f7 papo hapo, Weusi wanajibu 7...Qd7, na kubadilishana malkia hakupatikani kirahisi. Hata usipokwepa, huna sheria ya kukulazimisha kula e5 kwenye hatua ya nane. Endelea kuibana katikati na ubaki na malkia wako.

Na 5...Be7?

Wazo la Weusi ni kurudisha askari kwa 6.d4 Na5, farasi akimshambulia askofu wa c4. Zamani Weupe walikuwa wakila 7.Nxe5, na baada ya 7...Nxc4 8.Nxc4 d5 Weusi walipumua: wana maaskofu wawili na mchezo ulio wazi.

Mwaka 1995, huko Riga, katika mashindano ya kumkumbuka Mikhail Tal, Garry Kasparov alicheza Evans dhidi ya Viswanathan Anand, mtu ambaye angegombea naye ubingwa New York mwaka huohuo. Kwenye 6...Na5 alirudisha askofu kimyakimya: 7.Be2. Weusi wakala 7...exd4, na 8.Qxd4 ikaishambulia g7 huku farasi wa a5 akiwa mbali na kila kitu. Ikaendelea 8...Nf6 9.e5 Nc6 10.Qh4 Nd5 11.Qg3, na malkia aliyeonekana kukimbizwa huku na huku alikuwa amefika mahali alipomnyima mfalme mweusi usingizi. Anand hakupata nafasi ya kumficha mfalme wake, akasalimu amri baada ya hatua ya 25. Ufunguzi uliodhaniwa ni wa makumbusho ukarudi midomoni mwa watu.

Ninaanza kwa nguvu, halafu mashambulizi yanaisha nabaki na upungufu wa askari. Nakosea wapi?

Swali hili ndilo la msingi kuliko yote hapa, na jibu lake ni kwamba unaharakisha kumuua mfalme kabla jeshi lako halijafika. Mtu akishatoa askari anahisi lazima adai malipo mara moja. Anarusha Ng5 mapema, anamtoa malkia bila msaada, anatoa cheki zinazomsaidia tu mpinzani kujipanga. Muda alioununua anautumia kusogeza kete mbili zilezile, na kete nyingine sita zinatazama.

Muda ulionunua utumie kuleta kete ambazo hazijatoka. Ukitaka ushahidi, usitazame walioshindwa, watazame walioshinda kwa fahari. Adolf Anderssen dhidi ya Jean Dufresne, Berlin, 1852, ule mchezo unaoitwa wa Kijani Kibichi Daima, watu wanaukumbuka kwa malkia anayetolewa kafara mwishoni. Rudi nyuma uhesabu. Baada ya 5...Ba5 6.d4 exd4 7.O-O, Dufresne hakula c3, alisukuma 7...d3, jambo la akili, kwa sababu askari wa c3 akibaki pale farasi wa b1 hapati mraba wake bora. Ikafuata 8.Qb3 Qf6 9.e5 Qg6, na hapo Anderssen hakukimbilia popote. 10.Re1. 11.Ba3. Kisha farasi aliyekosa c3 akazunguka: 14.Nbd2 na 15.Ne4. Askari wa d3 aliliwa hatua ya 16 tu, 16.Bxd3, wakati kila kitu kilikuwa tayari. Kafara ya kwanza ya kete kubwa, 17.Nf6+, ilikuja wakati huo.

Na bado kulikuwa na ngome moja nyumbani. Baada ya 17...gxf6 18.exf6 Rg8 Weusi wanatishia kula f3 na kuua kwenye g2. Anderssen akacheza 19.Rad1, akaileta kete yake ya mwisho huku nyumba inawaka. Hatua hiyo inabishaniwa mpaka leo kama ilikuwa bora kuliko zote. Dufresne akala 19...Qxf3, na ikafuata 20.Rxe7+ Nxe7 21.Qxd7+! Kxd7 22.Bf5+, cheki mbili kwa pamoja, ya ngome na ya askofu, kwa hiyo mfalme lazima akimbie mwenyewe: 22...Ke8 23.Bd7+ Kf8 24.Bxe7, chekimeti. Ngome iliyosogezwa hatua ya 19 ndiyo iliyofanya yale ya 21 na 22 yawezekane.

Kwa hiyo kabla ya kutoa kafara ya pili, tazama safu yako ya kwanza. Kama kuna ngome ambayo haina kazi, mara nyingi hatua unayoitafuta ni ya hiyo ngome.

Nitajuaje kwamba faida yangu imeanza kuisha?

Dalili kubwa ni Weusi kufanikiwa kusukuma d5 kwa usalama. Wakiivunja katikati yako, askofu wa c4 anazibwa au anabadilishwa, na yule askari wa ziada anaanza kuhesabika. Mfano mmoja unatokea mapema: 5...Ba5 6.d4 exd4 7.O-O Nge7, na ukicheza 8.cxd4 bila kufikiri, 8...d5 inawapumzisha. Ndiyo maana hapo wengi huchagua 8.Ng5, na safari hii Ng5 ina sababu, maana farasi wa e7 hailindi f7 na ameziba njia ya malkia wake kwenda g5.

Dalili ya pili ni malkia kubadilishana bila wewe kupata chochote.

Mpinzani akiikataa kwa 4...Bb6?

Usikasirike. Umepata nafasi upande wa malkia bila kulipa chochote. Cheza 5.a4, naye kwa kawaida atajibu 5...a6 kuizuia b5 na kumpa askofu wake nyumba ya a7. Endelea kutoa kete zako kama kwenye Kiitaliano kingine chochote. Mchezo ni mtulivu kuliko ulivyotarajia, basi nawe tulia.

Akila kwa farasi, 4...Nxb4, jibu ni lilelile: 5.c3 Nc6 6.d4, na mara nyingi mnarudi kwenye nafasi ya kawaida.

Kompyuta zinasemaje?

Zinasema Weusi wakijilinda vizuri, mchezo uko sawasawa. Hazioni ushindi wa Weupe, na hazioni kwamba Weupe wamejiua. Lakini kompyuta inapata ulinzi sahihi bila jasho. Mtu aliye mbele yako lazima autafute hatua baada ya hatua, saa ikikimbia. Ukichambua michezo yako kwa injini, usiangalie tarakimu ya mwisho pekee, ile inayoonyesha nani yuko mbele. Tafuta hatua ambayo tarakimu ilianguka ghafla, kisha jiulize ni kete gani ilikuwa bado haijatoka wakati huo.

Inamfaa anayeanza?

Inamfaa sana, mradi awe anajua kuhesabu hatua mbili tatu mbele. Itamfundisha kuthamini muda na mistari iliyo wazi mapema kuliko ufunguzi wa tahadhari. Katika michezo ya haraka ni silaha kali zaidi, kwa kuwa mzigo wa kufikiri uko kwa mwenye kujilinda. Kwenye michezo mirefu dhidi ya mtu aliyejiandaa, jua vizuri Lasker na 5...Be7, mengine utayapata ubaoni.

Na kama Weusi hawachezi 3...Bc5?

Basi hakuna Evans. Kwa 3...Nf6 cheza 4.Ng5 ukitaka kuifukuzia f7 papo hapo, au 4.d4 ukipenda kutoa askari kwa njia nyingine. Kwa 3...Be7, d4 inatosha.